Ngozi Nyeusi ya Mtoto na Namna ya Kuichunguza

Vitabu vingi vya utabibu vilitungwa Ulaya na Marekani, na picha zake zilikuwa za watoto weupe. Humo yaelezwa kwamba ngozi yenye ugonjwa huwa nyekundu. Mzazi wa mtoto mweusi akingoja wekundu huo, ugonjwa huweza kukomaa mbele ya macho yake.

Rangi ya ngozi hutokana na melanini. Chembe zinazoitengeneza hukaribiana kwa idadi katika watu wote. Kinachozidiana ni wingi wa rangi yenyewe. Kwa mtoto mweusi rangi hiyo hufunika wekundu. Pumu ya ngozi humtokea kwa rangi ya kijivu, ya zambarau au ya weusi uliozidi, pengine kwa vipele vidogo vigumu. Basi yafaa mkono ulisaidie jicho: ngozi iliyo kavu, yenye joto au iliyovimba yataka uangalizi. Upele wa surua nao huenda usionekane upesi. Homa, kikohozi, mafua na macho mekundu ndivyo dalili za kutazamiwa.

Manjano ya mtoto mchanga hutafutwa mchana, penye mwanga wa kutosha, katika weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo. Yakionekana katika saa 24 za kwanza, apelekwe hospitali mara moja.

Liko pia jambo lisilo ugonjwa. Watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa na baka la kibuluu matakoni au kiunoni. Si alama ya kipigo. Haliumi, na hufifia kadiri miaka ipitavyo. Baba arejeaye kutoka lindoni asiharakishe kumshuku yaya. Baka hilo liandikwe mapema katika kadi ya kliniki.

Upele ukipona huacha madoa meusi au meupe, nayo huondoka polepole kwa miezi. Kumpaka mtoto dawa za kujichubua ni kumdhuru, kwani baadhi yake zina zebaki iharibuyo figo.

Mwaka 2020 Malone Mukwende, mwanafunzi wa utabibu mjini London, alitoa pamoja na walimu wake kitabu cha picha za dalili katika ngozi nyeusi. Huko Moshi, Tanzania, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilianzishwa mwaka 1992. Elimu ipo, nyumbani huanza kwa mzazi kuijua vema ngozi ya mwanawe angali mzima.