Kijana wa duka Lusahunga: hesabu ya mali na malipo ya mwisho ndiyo mtihani

Mwekezaji mdogo anayetaka kufungua duka la rejareja Lusahunga, wilayani Biharamulo mkoani Kagera, hakosi sababu. Mji huo ni njia panda. Barabara kutoka Isaka na Kahama hugawanyika hapo: moja huelekea Ngara hadi mpaka wa Rusumo, nyingine huenda Biharamulo, Kagoma na Bukoba. Kipande cha lami cha Kagoma hadi Lusahunga, kilomita 154, kilifunguliwa rasmi mwaka 2013, na kituo cha pamoja cha forodha cha Rusumo kilizinduliwa mwaka 2016. Malori ya Rwanda na Burundi hupita usiku na mchana.

Tatizo la mwekezaji huyo si wateja. Ni nani atakayekaa nyuma ya kaunta yeye akiwa Mwanza au Bukoba.

Wasimamizi wengi wa maduka ya aina hii hawatoki chuoni. Hutoka katika uanagenzi usioandikwa: kijana huletwa na ndugu au jirani, hulala na kula kwa tajiri, hupewa fedha kidogo ya matumizi, na huahidiwa kwamba baada ya miaka kadhaa atapewa mtaji wake. Utaratibu huo ni wa zamani. Muljibhai Madhvani, aliyekuja kuanzisha kiwanda cha sukari cha Kakira nchini Uganda, aliingia nchini humo mwaka 1908 akiwa na umri wa miaka 14 na kuanza kazi katika duka la ndugu zake. Wakinga wa Makete wamejaza maduka Mbeya na Kariakoo kwa njia hiyohiyo.

Historia ya nchi inaonyesha pia hasara ya kuuruka uanagenzi huo. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka mengi ya watu binafsi yalifungwa ili nafasi yake ishikwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Wengi waliokabidhiwa funguo hawakuwa wamewahi kuagiza mali wala kupanga bei. Bidhaa ziliadimika, na zoezi likapunguzwa kasi mwaka huohuo.

Kijana hujifunza nini? Kwanza ni mizani, chenji na kuwajua wateja. Lusahunga ina wateja wa namna mbili. Dereva wa lori na utingo wake hulipa taslimu na kuondoka. Mkulima wa mahindi au tumbaku huhitaji sabuni na chumvi mwezi wowote, lakini fedha huja baada ya mavuno. Duka linalomnyima deni humpoteza, na linalomkopesha bila kikomo humaliza mtaji kabla ya msimu. Kijana anayejua amkopeshe nani na aishie wapi ameshajifunza nusu ya kazi.

Pili ni bei. Mwanzoni mwa mwaka 2024, sukari ilipoadimika nchini na serikali kutangaza bei elekezi, aliyeuza mfuko wa zamani kwa bei ya zamani hakuweza kununua mwingine kwa fedha zile. Msimamizi hupanga bei akitazama atanunua tena kwa kiasi gani, bila kuvuka bei iliyotangazwa.

Tatu, na hapa ndipo penye ugomvi, ni hesabu ya mali. Kanuni yake ni fupi: mali ya mwanzo, jumlisha iliyonunuliwa, toa iliyobaki. Jibu ni mali iliyouzwa kwa bei ya kununulia.

Tuseme mwezi umeanza na mali ya shilingi 6,000,000, ikanunuliwa nyingine ya shilingi 3,500,000, na mwisho wa mwezi rafu zina mali ya shilingi 5,800,000. Iliyouzwa ni ya shilingi 3,700,000. Faida ikiwa wastani wa asilimia 12 juu ya bei ya kununulia, mauzo yangepaswa kuwa shilingi 4,144,000. Droo na simu zikiwa na shilingi 3,900,000, na daftari la madeni likionyesha shilingi 150,000, jumla ni shilingi 4,050,000. Upungufu ni shilingi 94,000.

Tajiri wengi husema papo hapo kwamba kijana ameiba. Huenda ni kweli. Lakini sukari ya kupima kwa robo kilo hupungua kwenye mizani, chenji hukosewa, na panya hula unga. Tena tajiri mwenyewe hutuma watoto dukani kuchukua mafuta na sabuni bila kuandika. Mali ya nyumbani isipoandikwa, upungufu wote humwangukia kijana, na mwisho wa miaka mitatu hujumlishwa na kugeuzwa sababu ya kumfukuza bila kitu.

Hilo ndilo hatari kubwa ya uanagenzi wa duka. Malipo makubwa yako mwishoni, na kadiri siku hiyo inavyokaribia ndivyo tajiri anavyopata faida ya kutafuta kosa. Kusini-mashariki mwa Nigeria, ambako Waigbo wamekuza wafanyabiashara wengi kwa utaratibu huu, lalamiko linalosikika ni lilelile: kijana hufukuzwa muda mfupi kabla ya kufunguliwa duka.

Tuseme mapatano ni kumwekea kijana shilingi 80,000 kila mwezi kwa miezi 36. Hiyo ni shilingi 2,880,000, mtaji wa kuanzia kibanda chenye bidhaa za haraka. Ikikaa katika biashara ya tajiri, kijana amekuwa mkopeshaji asiye na hati wala riba, na bei zikipanda, fedha ileile itanunua mifuko michache zaidi. Ikiwekwa kila mwezi katika akaunti ya kijana mwenyewe, haiwezi kufutwa kwa hasira ya siku moja.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14 na inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Kima cha chini cha mshahara hutangazwa kwa amri ya serikali, na chakula na malazi havimwondolei mwajiri wajibu huo. Mwaka 2017 serikali ilitoa pia mwongozo wa taifa wa uanagenzi, na VETA hupima na kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Tajiri na kijana wa duka wanaweza kuanza na karatasi moja yenye mambo manne: muda wa mafunzo, fedha ya kila mwezi, malipo ya mwisho, na siku ya kuhesabu mali.

Siku hiyo iwe moja kila mwezi. Wote wawili wahesabu, wote waweke sahihi, kila mmoja abaki na nakala. Upungufu ujadiliwe mwezi uleule, na mali inayokwenda nyumbani kwa tajiri iandikwe kama ya mteja mwingine.

Tajiri hapotezi kwa kufanya hivyo. Kijana anayeondoka kwa amani hugeuka mteja wake wa jumla, hupewa mali kauli na kurudisha fedha baada ya kuuza. Wauzaji wa jumla wa Kahama na Mwanza hutoa mali kauli kwa jina, na jina la kijana hutokana na jina la aliyemfundisha.

Kwa mwekezaji anayetafuta msimamizi, swali la kwanza lisiwe cheti wala ukoo. Aombe kuona daftari la hesabu ya mali la miezi 12 iliyopita, lenye sahihi mbili. Kijana aliye nalo anagharimu mshahara zaidi kidogo, na mara nyingi tofauti hiyo ni ndogo kuliko upungufu wa mwezi mmoja.