Utabiri wa Mambo ya Binadamu na Zamu ya Askari

Mtu aliyesimama Nengo, katika mji wa Gisenyi nchini Rwanda, yu karibu na ziwa Kivu, na upande wa kaskazini, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, uko mlima Nyiragongo wenye urefu wa mita 3,470. Mara nyingi usiku kilele chake huwa chekundu kwa moto ulio ndani yake. Watu wa Gisenyi na jirani zao wa Goma, ambao wanatenganishwa na vizuizi vya mpakani tu, hujiuliza lini mlima huo utapasuka tena. Hilo ni swali la haki. Lakini historia ya mji huo inaonyesha kwamba liko swali jingine lililo gumu zaidi: je, mambo ya binadamu, yaani siasa zao, mapatano yao na magomvi yao, yanaweza kutabiriwa? Na yakishatabiriwa, ni nani mwenye wajibu wa kutenda?

Katika miaka hii ya karibuni Nyiragongo ulipasuka tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021. Mwaka 2002 mtaalamu wa Goma, Dieudonné Wafula, alikuwa amekwisha kutoa onyo kabla ya moto kushuka mjini. Mwaka 2021 mlima ulipasuka bila dalili iliyo wazi. Siku tano baadaye, kwa kuhofia mlipuko wa pili, wakuu wa Goma waliamuru mitaa kumi ihamwe, na mamia ya maelfu ya watu wakatoka, baadhi yao wakavuka kuingia Rwanda. Mlipuko wa pili haukutokea. Wako waliosema kwamba wataalamu walikosea. Maneno hayo si ya haki, kwa sababu anayetoa onyo hatoi ahadi. Yeye hupima hatari iliyopo, kisha huachia watu nafasi ya kujiokoa.

Mlima hausikii yanayosemwa juu yake. Binadamu husikia, na hapo ndipo ugumu wote unapoanza. Ukitangaza kwamba chakula kitaadimika, wenye fedha watanunua magunia na kuyaficha, na chakula kitaadimika kweli. Ukitangaza kwamba vita vinakuja, pengine watu watapatana, nawe utaonekana mwongo. Kwa hiyo utabiri juu ya watu ni sehemu ya mambo yenyewe yanayotabiriwa.

Ndiyo maana watabiri wakubwa wa mambo ya dunia wameaibika mara nyingi. Mwaka 1968 Paul Ehrlich wa Marekani aliandika kwamba katika miaka ya sabini mamia ya mamilioni ya watu wangekufa kwa njaa. Njaa zilitokea, lakini si kwa kiasi hicho, kwani mbegu mpya za ngano na mpunga zilikuwa zimekwisha kuingia mashambani. Mwanachuo mwingine, Philip Tetlock, alikusanya kwa miaka mingi makisio ya wataalamu 284 wa siasa na uchumi, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 2005 yalionyesha kwamba kwa mambo ya mbali wengi wao hawakumzidi sana mtu anayebahatisha. Inafaa kukumbukwa pia kwamba waliosifika zaidi magazetini hawakuwa ndio waliopatia zaidi.

Basi, je, utabiri wa mambo ya watu utupwe mbali? Hapana. Hakuna awezaye kueleza dunia ya mwaka 2100 itatawaliwa namna gani. Lakini uovu mkubwa unaopangwa na watu huhitaji maandalizi, na maandalizi huonekana. Silaha lazima zifichwe mahali, vijana lazima wafundishwe, orodha za majina lazima ziandikwe, na wananchi lazima wazoezwe kumwona jirani kuwa si mtu. Kazi hizo zote hufanyika mbele ya macho ya walinzi wa usalama, na pengine hufanyika kwa mikono yao.

Rwanda ni ushahidi wa jambo hilo, na Gisenyi zaidi. Mwaka 1991 Watutsi wa Bagogwe waliuawa katika mikoa ya Gisenyi na Ruhengeri. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya katika mkoa huo huo wa Gisenyi, Léon Mugesera alihutubia mkutano wa hadhara akazungumza juu ya kuwarudisha Watutsi kwao kupitia mto Nyabarongo. Mwezi wa Aprili 1993 Bacre Waly Ndiaye wa Senegal alitumwa na Umoja wa Mataifa kuchunguza, na taarifa yake ya Agosti mwaka huo ilieleza kwamba yaliyokuwa yakitendwa yangeweza kuingia katika maana ya mauaji ya kimbari. Tarehe 11 Januari 1994 Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, kamanda wa majeshi ya Umoja wa Mataifa mjini Kigali, alipeleka New York ujumbe juu ya silaha zilizofichwa na juu ya kuandikishwa kwa Watutsi wa mji mkuu. Alitaka kwenda kuzikamata silaha hizo. Alikatazwa. Mauaji yalianza tarehe 7 Aprili, na katika siku mia moja hivi waliuawa watu zaidi ya 800,000. Serikali ya Rwanda huhesabu zaidi ya milioni moja.

Ilikuwepo pia sauti ya namna nyingine. Hassan Ngeze, mzaliwa wa Gisenyi, alikuwa mhariri wa gazeti la Kangura, na mwezi wa Desemba 1993 gazeti hilo lilichapisha habari kwamba Rais Habyarimana angekufa mwezi wa Machi 1994. Ndege ya Rais ilitunguliwa tarehe 6 Aprili. Mtu asiyefikiri atasema kwamba huo ulikuwa utabiri bora kuliko wote. Lakini gazeti hilo lilikuwa limepanda chuki kwa miaka mitatu, na Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia Ngeze hatiani mwaka 2003. Ndiaye na Dallaire walitaja hatari ili izuiwe. Kangura lilitaja maafa ili watu wayazoee na kujiweka tayari. Askari anayesikia uvumi sokoni au katika kituo cha basi hana budi kujua tofauti hiyo, kwa maana aina zote mbili huja na maneno yanayofanana.

Tangu wakati huo vyombo vimeundwa. Itifaki ya Umoja wa Afrika ya mwaka 2002, iliyoanzisha Baraza la Amani na Usalama, iliagiza pia kuwepo mfumo wa kutoa tahadhari mapema kwa bara zima. Mfumo huo ni mzuri, lakini hauna macho ya kwake. Hutegemea alichoona koplo katika doria, na alichoandika konstebo katika kitabu cha matukio, na kama mkuu wake alikisoma.

Katika mji wa Gisenyi, mwezi wa Aprili 1994, Félicité Niyitegeka alikuwa akiongoza kituo cha Saint-Pierre. Yeye alikuwa Mhutu. Aliwaficha Watutsi humo, na wengine aliwasaidia kuvuka mpaka kwenda Goma. Kaka yake alikuwa ofisa wa jeshi mwenye kikosi chini yake, naye alijua vizuri yatakayotokea. Alimpelekea dada yake ujumbe akimsihi aondoke peke yake, apate kupona. Utabiri huo ulikuwa sahihi kabisa, lakini ulitolewa kwa mtu mmoja, kwa ajili ya undugu. Félicité alimjibu kwa barua kwamba hawezi kuwaacha watu arobaini na watatu waliokuwa mikononi mwake. Tarehe 21 Aprili walipelekwa wote kwenye makaburi yaliyoitwa Commune Rouge, na huko akauawa pamoja nao.