VIYOYOZI VYA NDANI YA DARI: MAMBO YA KUZINGATIWA KABLA YA KUFUNGWA

Wananchi wanaarifiwa kwamba kiyoyozi kinachofichwa ndani ya dari, na kusambaza hewa vyumbani kwa mabomba mapana, hutoa maji mengi kutokana na unyevunyevu wa hewa ya visiwani. Maji hayo yasipopata njia huenea darini bila ya kuonekana. Katika nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, dari nyingi hubebwa na boriti za mikoko. Boriti ikirowa kwa muda mrefu huoza kwenye ncha iliyomo ukutani, na dari huweza kuporomoka.

Kwa hivyo, inasisitizwa kwamba:

1. Kibali kiombwe kwanza, na boriti zikaguliwe na mtaalamu.

2. Mashine itundikwe kwa vyuma vinne kwenye boriti au zege madhubuti, si kwenye dari ya mapambo.

3. Bomba la maji literemke angalau sentimita 1 kwa kila mita 1. Chini ya mashine liwekwe sinia la akiba.

4. Mabomba ya hewa baridi yavikwe kizuia joto kikamilifu, kwani lililo wazi hutoa jasho.

5. Uachwe mlango wa kusafishia chujio.

Kabla ya dari kuzibwa, fundi amimine maji katika sinia la mashine mbele ya mwenye nyumba. Yasipotoka nje, kazi irejewe. Jaribio hilo halina gharama. Boriti iliyooza haibadilishwi bila ya kubomolewa dari.