Taarifa Itangulie Mlio: Namna Vita vya Kuigiza Vinavyoandaliwa

Mtu aliyewahi kusikia mzinga ukilia karibu na nyumba yake hausahau mlio ule. Wazee wetu wa Mutukula, na wenzao wa Kyaka upande wa Tanzania, hawahitaji kuelezwa jambo hilo. Waliyaona ya mwaka 1978 na 1979 kwa macho yao. Ndiyo maana, katika toleo hili, tumeona inafaa kueleza jambo ambalo kwa wengi litakuwa geni: namna mataifa mengine yanavyoigiza mapigano ya kale hadharani, kwa farasi, baruti na maelfu ya watu, kisha kila mtu akarudi nyumbani salama. Si ajabu siku moja shule, kikundi cha utamaduni au kamati ya maadhimisho katika wilaya za mpakani ikatamani kufanya jambo kama hilo, japo kwa kiasi kidogo. Yatupasa tujue mapema linataka nini.

Tuchukue mfano mmoja mkubwa. Tarehe 18 Juni 1815, katika mashamba ya Waterloo, kusini mwa Brussels nchini Ubelgiji, jeshi la Napoleon wa Ufaransa lilishindwa na majeshi ya muungano yaliyoongozwa na Wellington wa Uingereza na Blücher wa Prussia. Miaka 200 baadaye, mwezi Juni 2015, mapigano hayo yaliigizwa mahali palepale kwa jioni mbili mfululizo. Waigizaji walikuwa wapatao 5,000, farasi 300 na mizinga 100. Watazamaji walikuwa takriban 60,000 kila jioni. Hesabu hizo zatosha kuonyesha kwamba kazi kubwa ya igizo kama hilo hufanyika miezi mingi kabla mtu yeyote hajawasha baruti.

Kwanza ni chakula, maji na malazi. Waigizaji hawa hawalali hotelini. Hupiga kambi katika mahema kama walivyofanya askari wa zamani. Farasi mmoja hunywa lita 30 hivi kwa siku, na zaidi siku ya jua kali. Farasi 300, basi, wanahitaji lita 9,000, yaani jerikeni 450 za lita 20, kila siku. Kila mmoja hula kilo 10 hivi za nyasi kavu, na jumla yake ni tani 3. Tukimhesabia kila mwigizaji lita 4 tu za kunywa na kupikia, watu 5,000 watahitaji jerikeni 1,000 nyingine. Hapo hatujahesabu vyoo, taka, kuni, daktari wa mifugo na njia ya magari ya maji. Mwandalizi asiyeweza kusema maji yatatoka wapi hajawa tayari kuzungumzia mizinga. Katika vita vya kale kuhara kuliua askari wengi, na kambi ya maigizo isiyo na vyoo haitofautishi askari wa kweli na wa kuigiza.

Pili ni silaha. Bunduki zinazotumika katika maigizo ya Waterloo ni za gumegume, zinazojazwa kupitia mdomoni, na hupigwa kwa baruti bila risasi. Hata hivyo baruti peke yake yaweza kuunguza, kupofusha na hata kuua kwa karibu. Kwa hiyo kila bunduki hukaguliwa kabla ya kuingia uwanjani. Mkaguzi hudondosha mdeki, yaani ule ufito wa chuma wa kushindilia, ndani ya mtutu. Ukigonga chuma na kutoa mlio mkali, mtutu ni mtupu. Ukitoa mlio mzito, kuna kitu ndani. Baada ya ukaguzi, katika maigizo mengi ni marufuku kabisa kutumia mdeki uwanjani, kwa kuwa mtu akiusahau ndani ya mtutu huruka kama mkuki. Midomo ya bunduki huinuliwa juu ya vichwa, na pande mbili hazipigani zikiwa zimekaribiana mno. Kwa mizinga, mtutu husafishwa kwa sponji iliyoloweshwa baada ya kila mpigo ili cheche iliyobaki isiwashe baruti mpya, kisha hungojwa dakika kadhaa kabla ya kujaza tena. Akiba ya baruti huwekwa mbali na moto wa jikoni, chini ya ulinzi, na hutolewa kwa hesabu.

Uzembe mdogo hapa hauna msamaha. Mwaka 1998, katika igizo la mapigano ya Gettysburg nchini Marekani, mshiriki mmoja alijeruhiwa shingoni kwa risasi halisi iliyotoka katika bastola. Hakuna aliyekusudia kumdhuru. Ilitosha tu kwamba silaha moja kati ya maelfu iliingia uwanjani ikiwa na kitu ndani.

Tatu ni mipaka, na hapa jambo linatugusa moja kwa moja. Waigizaji wa Waterloo walitoka nchi nyingi. Kwa mujibu wa sheria ya Umoja wa Ulaya iliyorekebishwa mwaka 2017, mwigizaji wa historia anayevuka mpaka kati ya nchi wanachama na silaha ya kundi linaloruhusiwa hutakiwa kuwa na hati maalumu inayoitaja silaha hiyo, na aweze kuthibitisha sababu ya safari yake, kwa mfano kwa kuonyesha mwaliko. Tuzingatie jambo hilo: hata katika nchi ambazo mipaka yake iko wazi kwa watu na bidhaa, bunduki ya mchezo haipiti bila karatasi yake.

Nne ni mpango wa uwanjani. Kila kikosi hujua kitatokea wapi, kitarudi nyuma lini na nani ataanguka. Makamanda hufanya mazoezi pamoja, na amri ya kusimamisha moto hujulikana na wote bila kujali lugha zao. Huwekwa pia neno moja ambalo halitamkwi kwa mchezo: likisikika, maana yake mtu ameumia kweli. Bila neno hilo, majeruhi wa kweli atalala katikati ya majeruhi wa kuigiza, na watazamaji watampigia makofi.

Tano, na pengine zito kuliko yote, ni umati. Mlango wenye upana wa mita 1 katika ardhi tambarare hupitisha watu wapatao 80 kwa dakika, wakitembea kwa utulivu. Watu 60,000 wakipewa milango 10 ya mita 2 kila mmoja, watahitaji muda usiopungua dakika 37 kutoka. Wakipewa mlango mmoja tu wa mita 2, watahitaji zaidi ya saa 6. Hakuna umati utakaosubiri saa 6 ukiwa na hofu. Wanapofika watu 5 na zaidi katika mita moja ya mraba, mtu hawezi tena kuchagua pa kukanyaga, husukumwa tu. Hatuna haja ya kwenda Ulaya kupata ushahidi. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, jijini Kampala, watu wasiopungua 9, miongoni mwao watoto, walikufa katika msongamano walipokuwa wakikimbilia kutazama fataki za mwaka mpya. Baruti haikumgusa hata mmoja wao. Waliuawa na kukosekana kwa njia.

Kwa hiyo watazamaji hutenganishwa na uwanja kwa vizuizi na nafasi wazi. Njia za kuingia hutofautishwa na za kutokea. Njia ya gari la wagonjwa haiegeshwi chochote, wala bodaboda, wala kibanda cha chapati. Huteuliwa mahali pa kuwapeleka watoto waliopotea, na idadi ya watu hujulikana kabla ya milango kufunguliwa.

Hayo yote, ndugu wasomaji, yaweza kununuliwa kwa fedha na kusimamiwa kwa nidhamu. Kuna jambo la sita ambalo halinunuliwi. Waterloo ilipoigizwa mwaka 2015 hapakuwa na mjane wala yatima wa vita vile aliyesalia. Kwetu hali ni tofauti. Daraja la Kyaka juu ya mto Kagera lilivunjwa Novemba 1978. Mji wa Mutukula uliharibiwa Januari 1979. Walioyaona hayo wapo, na baadhi yao husoma gazeti hili. Aidha, Uganda inahifadhi zaidi ya wakimbizi milioni moja, na wengi wao walikimbia milio hiyohiyo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama aliyevuka mpaka usiku na mtoto mgongoni hataweza kujua kwamba mlio anaousikia kutoka kilima cha pili ni wa mchezo. Atamchukua mtoto na kukimbia, na jirani yake akimwona anakimbia, naye atakimbia.

Mlio wa mzinga husikika kilomita kadhaa, wala hausimami kwenye kizuizi cha forodha kuonyesha pasi. Igizo lolote la vita karibu na mpaka ni jambo la nchi mbili, hata kama waigizaji wote ni wa kijiji kimoja. Ndiyo sababu twasema taarifa itangulie mlio. Kamati ianze kwa mwenyekiti wa LC I na kituo cha polisi kilicho karibu, ifike kwa kamanda wa polisi wa wilaya, ili sisi tuwaarifu wenzetu wa upande wa pili. Tangazo lipite redioni, kanisani, msikitini na sokoni, katika lugha zote zinazosemwa hapo, likitaja siku, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Likifanyika jambo lolote nje ya saa hizo, watu wajue kwamba si mchezo.

Tunawakumbusha pia mipaka ya sheria. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo nchi zetu zilitia saini, inataka raia wakatazwe kabisa kumiliki bunduki za rashasha na zile za kujijaza zenyewe. Hakuna igizo linalobatilisha katazo hilo. Sheria ya Uganda hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi bila idhini. Yeyote anayebeba bunduki ya mbao kupitia kituo cha mpakani aitangaze mapema kwa maofisa, kwa sababu askari wa zamu usiku hawezi kutambua mbao kwa umbali wa mita 50. Na asiwepo atakayechimba mabaki ya vita ili kupamba maonyesho. Bomu la miaka 45 bado ni bomu. Ukiliona usiliguse, weka alama kwa mbali, wazuie watoto, utuarifu.

Lakini historia haihitaji baruti ili ikumbukwe. Ngoma yaweza kusimama badala ya mzinga, na fimbo badala ya bunduki. Kamati yaweza pia kuwauliza wazee kwanza: ni siku gani wangependa ionekane? Huenda wakachagua siku watu waliporudi makwao, si siku walipokimbia. Jibu lao liheshimiwe, kwa kuwa vipo vita vya kuigizwa, na vipo ambavyo wenyewe bado wanatosheka kuvisimulia kwa sauti ya chini.

Nawe jirani, ukisikia mlio na hukupata taarifa, usidhani ni maigizo wala usieneze uvumi kwa simu. Ingia mahali salama, kisha piga 999 au tuma mtu kituoni. Kuuliza si woga. Sisi tunapendelea kujibu maswali 100 kuhusu ngoma kuliko kukosa swali moja kuhusu bunduki ya kweli.