MANENO YA UPUNGUFU KATIKA KIINGEREZA

Katika lugha ya Kiingereza yamo maneno yaliyo madogo lakini yana nguvu ya kugeuza maana ya sentensi nzima. Hivi ni vielezi vinavyoonyesha kwamba jambo limepungua, halikutosha, au karibu halikutendeka. Mifano yake ni "hardly", "scarcely", "barely", "insufficiently", "inadequately" na "poorly". Nimeonelea nieleze matumizi yake kwa ufupi, kwa kuwa sisi wa Kidato cha Nne tutajibu mitihani yetu karibu yote kwa Kiingereza, na maneno haya yana hatari yake.

Tuanze na "hardly", maana ndilo linalodanganya wengi. Kwa kuwa "quick" huzaa "quickly", mtu hudhani kwamba "hardly" ni "kwa bidii". Sivyo. Hapo kale lilikuwa na maana ya "kwa nguvu", halafu "kwa shida", lakini siku hizi maana yake ni "karibu hapana". "He worked hard" ni kusema alifanya kazi kwa bidii. "He hardly worked" ni kusema karibu hakufanya kazi kabisa. Fikirini mzazi aliyepokea ripoti yenye sentensi hiyo ya pili, naye akaambiwa na mwanawe kuwa ni sifa! Mzee atachinja jogoo siku ambayo ilimpasa kumwita mwanawe faragha.

Jambo la pili ni kukanusha. Sisi katika Kiswahili hukanusha ndani ya kitenzi: "Hakula ila kidogo." Mwingereza ameficha ukanusho ndani ya kielezi, kwa hiyo kitenzi chake hubaki bila "not". Yafaa tuseme "He hardly ate", wala si "He did not hardly eat". Kadhalika husemwa "hardly any" na "hardly ever", si "hardly no" wala "hardly never". Ushahidi wake ni swali dogo la mwishoni: "He can hardly walk, can he?" Swali hilo halina "not", kwa sababu sentensi yenyewe imekwisha kuhesabiwa kuwa ya kukanusha.

Je, maneno haya yote ni sawa? La. Tuseme jikoni panahitajika debe moja la unga. Unga ukiwa "barely enough", debe limefika ukingoni pasipo hata kijiko cha ziada, watu watakula. Ukiwa "hardly enough" au "scarcely enough", mpishi anatikisa kichwa, ana shaka kubwa kama utafaa. Ukiwa "insufficient", umepungua kweli, na wengine watalala njaa. Kwa hiyo "He barely passed" maana yake amefaulu, ijapokuwa kwa taabu.

Kundi la pili, yaani "insufficiently", "inadequately" na "poorly", huonyesha kwamba jambo lilitendeka lakini chini ya kipimo. Katika insha ya Historia, "The workers were poorly paid" ni kusema walilipwa ujira mdogo. Ukiandika "The workers were hardly paid", umesema karibu hawakulipwa kabisa, na hiyo ni habari nyingine. "Insufficiently" aghalabu hutazama wingi wa kitu. "Inadequately" hutazama kama kitu kinalingana na haja. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kusawazisha. Mganga aliye "inadequately trained" amefundishwa, lakini mafunzo yake hayalingani na kazi yake. "Poorly" ni jepesi zaidi, nalo hutazama ubora: "a poorly built house".

Tuangalie pia mahali pa kuliweka neno. "Hardly" hukaa baada ya kitenzi kisaidizi: "I can hardly see." Likitangulia mwanzoni, mpango wa maneno hugeuka: "Hardly had the bell rung when the pupils ran out." Tuangalie hilo "when", "than" ni ya "no sooner".

Basi, wanafunzi wenzangu, kabla ya kuandika neno lolote katika haya tujiulize maswali mawili. Je, jambo lilitendeka? Je, lilifikia kipimo? Kama karibu halikutendeka, tutumie "hardly" au "scarcely". Kama lilifikia kipimo kwa taabu, tutumie "barely". Kama lilitendeka lakini halikufikia, tuchague katika lile kundi la pili. Mwenye kujibu maswali hayo kwanza hataandika kinyume cha alichokusudia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne