NGOZI YAKO NI KAMA SHAMBA

Ndugu msomaji, tazama mkono wako. Hata kama umeoga sasa hivi, ngozi yako ina vijidudu vingi. Ni vidogo mno, havionekani kwa macho. Usiogope. Vingi havina madhara, na vingine ni walinzi wako.

Ngozi ni kama shamba. Mpunga hupenda bonde lenye maji. Mtama huvumilia ukavu. Vijidudu navyo ni hivyo hivyo. Vingine hukaa mikononi, penye ngozi kavu. Vingine hupenda jasho la kwapani na kati ya vidole vya miguu. Vingine hula mafuta ya kichwani, usoni, kifuani na mgongoni.

Vijidudu vyema huifanya ngozi iwe na uchachu kidogo. Uchachu huo huzuia vijidudu vya magonjwa.

Fikiri sasa juu ya Mbagala au Tandale, Dar es Salaam. Joto ni kali na hewa ina unyevu. Jasho halikauki upesi. Kuvu wanaoishi kwenye mafuta ya ngozi huzidi, na mtu hutokwa na mabaka ya mba. Kuvu wengine huleta choa na mapunye. Hao huambukiza kwa kitana, taulo na mashine ya kunyolea.

Watu wengine hujipaka krimu ovyo. Krimu nyingi za kujichubua zina dawa iitwayo steroidi. Muwasho hupungua, mtu akadhani amepona. Kumbe kinga ya ngozi imedhoofika, na kuvu wanaenea! Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye steroidi, zebaki na haidrokwinoni.

Basi tufanye nini?

Oga kwa maji safi na sabuni ya kawaida. Jikaushe vizuri, hasa kati ya vidole. Vaa nguo kavu. Usiazimane taulo. Mwambie kinyozi asafishe mashine kwanza.

Mtoto mwenye mapunye mpeleke zahanati. Kuvu huingia ndani ya nywele, kwa hiyo dawa ya kupaka peke yake haitoshi. Huhitaji vidonge.

Je, una baka lenye ganzi? Huenda ni ukoma. Usijifiche. Ukoma unapona, na dawa zake hutolewa bure.

Mkulima mzuri hachomi shamba zima kwa sababu ya magugu. Tunza ngozi yako, nayo itakulinda.