Kipindupindu cha Yemen ni deni la jirani tajiri

Na Daktari Wetu

Kila mzazi anafaa kukijua kipimo hiki: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mchanganyiko huo ukinywewa mapema, na kwa wingi, huwaokoa wengi wanaopatwa na kipindupindu. Aliyezidiwa hata hawezi kunywa hutundikiwa maji mshipani. Ugonjwa huu huua kwa kuukausha mwili, na asiyetibiwa anaweza kukata roho siku iyo hiyo alipoanza kuharisha. Lakini wakitibiwa ipasavyo, hafi hata mmoja katika kila mia.

Hebu tazama tena kipimo hicho, msomaji. Kitu cha kwanza kilichotajwa ni maji safi. Hapo ndipo Yemen ilipokwama.

Kati ya mwisho wa Aprili na Desemba 2017, nchi hiyo iliyo kusini mwa Saudia ilihesabu zaidi ya watu milioni moja walioshukiwa kuwa na kipindupindu. Zaidi ya 2,200 walifariki. Daktari akizitazama takwimu hizo huona mambo mawili. Kwanza, waliokufa walikuwa wachache wakilinganishwa na waliougua, kumaanisha kuwa wauguzi wa Yemen, wengi wao wakiwa hawajalipwa mishahara tangu 2016, walifanya kazi ya kusifiwa. Pili, kipindupindu hakiwafikii watu milioni moja mahali ambapo pampu za maji zinafanya kazi na maji taka yanasafishwa. Aibu haiko sana katika wale 2,200. Iko katika ile milioni.

Je, pampu zilisimamaje? Wapiganaji wa Kihouthi waliuteka mji mkuu, Sana'a, Septemba 2014. Machi 2015 muungano wa kijeshi ukiongozwa na Saudia, na Milki za Kiarabu (UAE) zikiwemo, ulianza kuwashambulia kwa ndege. Agosti mwaka huo mabomu yalizivunja winchi za kupakulia mizigo katika bandari ya Hodeidah, mlango mkuu wa chakula, mafuta na dawa za nchi hiyo. Winchi nyingine hazikufika hadi Januari 2018. Umeme ulikatika, dizeli ikaadimika, na Aprili 2017 mtambo wa kusafisha maji taka wa Sana'a ukasimama. Kabla ya mwezi huo kwisha, wimbi kubwa la kipindupindu lilikuwa limeanza.

Novemba 2017, baada ya Wahouthi kurusha kombora kuelekea Riyadh, muungano ulifunga bandari, viwanja vya ndege na mipaka yote. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilieleza kwamba shehena yake ya vidonge vya klorini ilizuiliwa mpakani. Klorini, jamani! Si risasi wala baruti, bali dawa ya kutia majini.

Saudia na UAE hawakukaa mikono mitupu. Juni 2017 Saudia iliahidi zaidi ya dola milioni 66 kupambana na kipindupindu, na mwaka uliofuata mataifa hayo mawili yakatoa dola milioni 930 kwa ombi la msaada la Umoja wa Mataifa. Hizo ni fedha nyingi, na ziliokoa maisha. Wahouthi nao si malaika. Misafara ya msaada ilizuiwa upande wao, na Juni 2019 Shirika la Chakula Duniani lilisitisha sehemu ya ugavi wake Sana'a kwa sababu chakula kilikuwa kikielekezwa kwingine.

Hata hivyo, siwezi kuziita fedha hizo sadaka. Mtu akikichafua kisima cha jirani, kisha akaleta dawa, hajafanya hisani. Amelipa sehemu ya deni. Na deni hilo aghalabu hulipwa kwa vitu vinavyopigwa picha: magunia na mahema. Kinachozuia kipindupindu ni vitu visivyovutia mpiga picha, yaani dizeli ya pampu, vipuri vya mtambo wa maji taka, mshahara wa muuguzi na wa mzoa taka. Gharama hizo hurudi kila mwezi, ndiyo maana wafadhili huzikwepa.

Anayedhani kwamba hayo ni ya Waarabu peke yao akumbuke kuwa viini havina pasipoti. Utafiti uliochapishwa Januari 2019 katika jarida la Nature ulichunguza chembe za urithi za viini vya Yemen, na ukaonyesha kuwa aina hiyo ilitoka Asia Kusini, ikapitia Afrika Mashariki kabla ya kuzuka Yemen. Sisi tulikuwa njia. Na mwaka wa 2013 polio iliyozuka Somalia, ambako vita vilikuwa vimevuruga chanjo, ilivuka hadi Dadaab. Wagonjwa 14 walipatikana Kenya. Hatuna visima vya mafuta kama Saudia, lakini mbele ya Somalia sisi ndio jirani mwenye kitu, na kila mtoto anayechanjwa Kismayu ni kinga kwa mtoto wa Garissa.

Kuhusu Yemen, mashambulizi makubwa ya ndege yalipungua baada ya mapatano ya Aprili 2022. Mabomba hayakujikarabati. Katika 2024 nchi hiyo iliripoti karibu watu 250,000 walioshukiwa kuugua kipindupindu, idadi kubwa kuliko ya nchi nyingine yoyote duniani mwaka huo.